Wataja Ndege wa Rasi Mtengo

Ndege wa kwanza kuokolewa asubuhi ile alikuwa kitwitwi mwenye kilema cha mguu, naye hakutoa hata shukrani. Alikuwa akidonoadonoa matope, anaruka kidogo, anatua, anaruka tena. Somoe akamnyooshea mkono wa kulia akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita jirani uani, "Kitwitwi."

Nyuma yake Chande, aliyezama matopeni mpaka magotini, hakuinua kichwa. "Namwona na mimi," akaitikia.

Nguzo iliyokuwa karibu ikatoa mlio mdogo, kama mtu anayefyonya, na jicho lake jekundu likageukia kwingine. Basi. Kitwitwi yule na jamaa zake wote, kutoka ncha ya rasi mpaka kwenye mashamba ya chumvi, wangeruka salama hadi bamvua la mwezi ujao.

"Umemwona kwa macho gani, shemeji?" Somoe akauliza. "Ya kisogoni?"

"Macho ni kazi yako wewe uliye kijana. Mimi kazi yangu kuitikia. Kwani anayesema amina huwa amesoma dua mwenyewe?"

"Siku moja nitakutajia ngamia, uitikie hivyo hivyo."

"Ukimwona ngamia anaruka, mtaje upesi, mwanamke. Huyo naye ana haki ya kuishi."

Ndivyo walivyozoea kutaniana tangu Ismaili alipokufa. Ismaili alikuwa mume wa Somoe, tena mdogo wake Chande, tumbo moja. Walitaniana ili wasimtaje.

Aliuawa kabla ya nguzo kusimikwa. Wafyekaji, wale waliokwisha kuchoma vijiji vya ng'ambo, walikuwa wameanza kuvuka maji kwa mabawa ya turubai. Wa kwanza kufika aliangukia kwenye mashamba ya chumvi, amesokotana na kamba zake, analia maji, maji. Ismaili akatupa koleo akakimbia kumfungua. Mkono wa yule mtu ulipopata nafasi, ukachomoa bastola ukampiga Ismaili mdomoni, kisha ukawageukia wachota chumvi waliokuwa wakija nyuma yake na vibuyu vya maji. Mwezi ule ule watu wa rasi wakamleta fundi na nguzo zake.

Sasa, nguzo haikujua ndege ni nini, wala mtu ni nini. Ilijua jambo moja tu: kilicho hewani kiunguzwe. Mwaka wa kwanza ilimaliza ndege wote. Ufuko ukanuka. Panya wakala mbegu mashimoni, nzi wakajaa, watoto wakaugua macho. Ndipo fundi alipoitwa tena akaifundisha nguzo kusikiliza. Watu wawili wawili waliojitolea walipandikizwa punje ndogo ya chuma shingoni, pembeni ya mshipa mkubwa. Kila mwezi mara moja, siku ya bamvua, maji yakikupwa mbali kuliko siku zote, wawili hao walitembea ufuko mzima wakitaja kila ndege waliyemwona. Mmoja anataja, mwenzake anashuhudia. Nguzo inalitazama umbo lile na namna linavyobebwa na hewa, inapokea sauti mbili, inaliacha. Mwezi ukiisha inasahau yote, ili adui aliyejifunza umbo la leo akute limekwisha kufutika.

Na kabla ya mwezi kuisha, jina halikuweza kufutwa na mtu yeyote, isipokuwa mmoja wa wenye sauti zile mbili afe. Punje ilisikiliza mshipa. Mshipa ukinyamaza, majina yote ya wawili wale yanaanguka. Fundi alisema aliifanya hivyo makusudi: adui akiwakamata na kuwalazimisha kutaja uongo, basi aliye jasiri kati yenu atajua la kufanya.

Watu walimsikiliza fundi wakaitikia kwa vichwa, kisha wakasahau. Walichokikumbuka ni kimoja: shahidi akisita, nguzo inapiga pale pale. Wengi walikwisha kumwona furukombe akigeuka majivu kwa sababu mtu alikuwa anapenga kamasi. Kwa hiyo ikawa desturi ya Rasi Mtengo kwamba shahidi hageuki kutazama. Anaitikia kwanza. Kusita ni kuua.

*

Walipofika kwenye ncha ya rasi, Chande alibaki nyuma kwenye mikoko. Alikuwa na chuma chake cha chaza, kifupi, chenye ncha kama sindano ya mkeka, na kila mwezi lazima abandue chaza wa mke wake kwenye mizizi, hesabu ya ndege isimame ama isisimame. Somoe alitangulia peke yake. Upepo ulikuwa wa baharini, na ng'ambo ya mlango wa maji kisiwa cha Mbandu kilikuwa kinafuka moshi, kama kilivyofuka juma zima.

Nguzo ikavuma. Mwali mweupe, mwembamba kuliko uzi, ukapita juu ya kichwa chake na sauti ya kitambaa kinachochanwa. Kitu kikubwa kikaanguka mbele yake kikiwaka.

"Ameuawa nani?" Chande akapaza sauti kutoka mikokoni.

"Sijui! Mkubwa!"

"Basi mtaje, unangoja nini? Hao huja kundi! Mtaje kabla hawajaisha!"

Somoe akakimbia. Matope yalimvuta viatu akaviacha. Alichokikuta kilikuwa kimelala kifudifudi juu ya fito na turubai, na turubai lilikuwa linaungua. Akaligeuza. Alikuwa msichana. Upande mmoja wa uso ulikuwa mzima kabisa, una hina mpya kwenye kidevu kama mzaha wa wasichana harusini. Upande wa pili haukuwepo. Jicho lililobaki likamtazama Somoe, likazunguka kama linalotafuta mtu mwingine, likatulia. Mgongoni alikuwa amefunga sufuria, na ndani ya sufuria mna unga uliofungwa kwenye kanga.

Mfyekaji habebi sufuria.

Akatazama juu. Walikuwa wanakuja kutoka Mbandu, wameruka kutoka kwenye minara ya umeme wa upepo, mabawa ya turubai, ya mahema, ya mapazia, wanayumba, wanashuka polepole mno. Mwali wa pili ukapita. Mmoja akaporomoka baharini bila kelele. Na katika ukimya uliofuata Somoe akasikia, juu kabisa, mtoto mdogo akilia kilio cha kawaida, kilio cha njaa.

Mabawa yalikuwa yale yale. Hilo alilijua. Akimtaja mmoja amewataja wote, na mbingu ya rasi itakuwa wazi mwezi mzima kwa yeyote atakayejitundika turubai mgongoni. Alimwona Ismaili akitupa koleo. Alimwona akikimbia.

Nguzo ikaanza kuvuma tena.

Somoe akainua mkono. "Korongo!" akapiga kelele, na sauti ikapasuka katikati.

Kutoka mikokoni Chande, ambaye alikuwa ameinama juu ya mzizi, moyo wake ukiuma kwa ajili ya korongo, hakungoja hata pumzi. "Namwona na mimi!" akajibu. "Namwona na mimi!" Mara mbili, kama mtu aliyedaka kikombe kabla hakijafika sakafuni.

Nguzo ikafyonya. Jicho likageukia kwingine.

*

Alikuja akitabasamu. Kapu la chaza lilikuwa linamgonga pajani. Kwanza aliiona maiti, kisha akainua macho, na kapu likamtoka.

"Somoe."

"Ana sufuria, shemeji. Tazama. Wana watoto."

"Umenitajia nini?"

"Wanatoka Mbandu. Wanachomwa kule."

"Umenitajia nini mimi, Somoe!" Alikuwa hajawahi kumwinulia sauti. "Miaka yote naitikia nyuma yako nimefumba macho! Nimefumba macho kwa sababu ni wewe!"

"Ungefumbua usingeitikia."

"Naam, nisingeitikia! Huyo Ismaili alikuwa na roho kama yako, nikamzika hana meno!" Akakizungusha kidole angani. "Mwezi mzima! Unaelewa? Wafyekaji hawalali. Kesho wanajua njia iko wazi. Wewe umewafungulia mlango waliomuua mumeo, kwa sauti yangu!"

"Basi nipige. Lakini wacha watue kwanza."

Alimpiga. Hakumpiga kofi, chuma cha chaza kilikuwa mkononi, na pengine mkono wenyewe ulisahau umeshika nini. Kilimpasua kutoka begani mpaka kwenye mfupa wa mtulinga. Somoe alikaa chini matopeni kama mtu aliyeambiwa akae. Damu ilishuka ya moto ndani ya gauni. Chande akamshika nywele, akakiweka chuma pale shingoni, pembeni ya mshipa, mahali punje ilipolala. Ncha iliingia kidogo. Somoe alisikia mshipa wake mwenyewe ukipigana nayo.

Alingoja. Hakuna lililotokea. Alipofumbua macho, Chande alikuwa analia makamasi yanamtiririka.

"Siwezi," akasema. "Mke wa mdogo wangu. Siwezi, mama."

Kisha, kwa utulivu wa mtu aliyekumbuka njia nyingine ya kwenda nyumbani, akageuza chuma akakielekeza shingoni mwake.

Somoe alimrukia. Alimwingia tumboni kwa kichwa, wakaanguka wote wawili juu ya fito za msichana yule, wakaviringishana. Aling'ata kifundo cha mkono mpaka akasikia mfupa. Chande alikuwa na nguvu kuliko yeye lakini alikuwa anapigana kwa aibu, na Somoe hakuwa na aibu hata chembe. Chuma kilipanda, kikateleza, kikashuka kwa uzito wao wote wawili, na kikaingia kwenye nena la Chande, pale paja linapokutana na tumbo, mpaka kwenye mpini.

Chande akakichomoa mwenyewe, kwa mshangao. Damu ikaruka, ikampiga Somoe usoni.

*

Somoe alikuwa amekata samaki wengi na kuku wengi. Alijua damu inayoruka ni ipi. Akaingiza ngumi yote kwenye jeraha, akalala juu ya mkono wake kwa kifua. Kuruka kukakoma. Akipunguza uzito kidogo tu, kunaanza.

"Usife," akamwambia sikioni. "Unanisikia? Ukifa wanaanguka."

"Ndivyo ninavyotaka," akasema Chande. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. "Niachie."

"Sikuachii."

"Mbishi. Ismaili aliniambia kabla hajakuoa. Nikamwambia, ndiyo raha ya ndoa."

Wakaanza kutua. Mmoja aliangukia mikokoni akapiga kelele, "Yallah!" Mwingine, mzee wa kiume, alitua vizuri kwa miguu miwili, akatembea hatua chache akiwa amebeba mabawa, akaketi na hakuinuka tena. Mwanamke mmoja alishuka vibaya, ubavu ubavu, akiukinga mzigo uliofungwa kifuani, na mkono wake ukavunjika chini yake kwa sauti ya kijiti. Mzigo ukalia. Ndiye aliyekuwa analia juu.

Mwanamke akatambaa mpaka walipo. Jina lake, alisema, kana kwamba waliuliza, ni Siwema. Akatazama damu, akatazama ngumi iliyozama ndani ya mtu.

"Nikusaidie nini?"

"Wenu wangapi bado wako juu?"

"Wengi. Dada yangu yuko nyuma, ana bawa la pazia jekundu, ni mzito, ana mimba." Akageuza kichwa. "Sikiliza."

Zilikuwa sauti za injini. Ndogo, za hasira, kama nyigu kwenye kopo. Nyuma ya mabawa yanayoyumba, mengine yalikuwa yanakuja yamenyooka, turubai lile lile, umbo lile lile, ila kila moja lina mashine mgongoni na mfyekaji aliyeshika bunduki kwa mikono miwili. Hawakuwa na haraka ya kutua. Walipita katikati ya watu wa Mbandu wakiwapiga risasi kama watoto wanavyopiga maembe kwa mawe. Mabawa yalikunjamana yakadondoka.

Jicho la nguzo liliwatazama wote, wawindaji na wawindwao. Korongo. Likaendelea kuzunguka.

Mwenye injini wa mbele akavuka ufuko. Alipita chini kiasi kwamba Somoe aliona nyayo za viatu vyake. Alielekea mashamba ya chumvi, ambako wanawake wa rasi walikuwa kazini na watoto wao kwenye vibanda vya makuti. Akaachia kitu. Kibanda kikainuka kutoka ardhini kikiwa moto mtupu, na vilio vikawafikia baadaye kidogo, vimebebwa na joto.

"Somoe," Chande akasema. Hakuwa anatania tena. "Mke wangu yuko pale. Toa mkono."

"Kuna watu wao juu."

"Kuna watu wetu chini."

"Dada yake ana mimba!"

"Nimesikia. Masikio yangu hayako kisogoni." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Sikuitikia kwa macho, sasa natazama. Nawaona. Namwona na huyo mwekundu. Ni mimi ninayekuomba."

Somoe alitazama. Alilitafuta bawa jekundu, akaliona: mbali, chini, nyuma ya wenye injini, linajikokota juu ya maji. Alijaribu kupima kama watu wanavyopima mvua: likivuka kwanza, kisha atoe. Likivuka kwanza. Lakini wenye injini walikuwa wepesi mara tatu kuliko turubai tupu, na wa pili alikwisha kuvuka ufuko, na wa tatu. Bomu la pili lilipasuka. Mtu alikuwa anakimbia kwenye ukingo wa shamba la chumvi akiwaka kama mwenge, akaanguka kwenye maji ya chumvi, na mlio alioutoa haukuwa wa binadamu.

Hakuna aliyemsukuma. Baadaye alilikumbuka hilo kuliko yote. Chande hakuwa na nguvu ya kumsukuma, na Siwema alikuwa amegeukia bahari, anamwita dada yake. Angeweza kungoja. Palikuwa na nafasi, nyembamba kama ukucha, kwamba angengoja na wote wakapona, na palikuwa na nafasi nyingine kwamba angengoja na rasi nzima ikaungua.

Akachomoa mkono.

Chande akashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Damu haikuruka tena. Haikuwa na nguvu hiyo. Ilimwagika tu. Somoe alimshika uso kwa mikono yote miwili, akabandika paji la uso wake kwenye la Chande, akakaa hivyo mpaka punje ya shingoni mwa shemeji yake ilipotoa mlio mdogo ambao hakuwahi kuusikia.

Nguzo zote za Rasi Mtengo zikavuma kwa pamoja.

Miali haikuchagua. Wenye injini walipasuka kama vifuu motoni, mmoja mmoja, wakimwaga mafuta yanayowaka juu ya matope. Aliyekuwa anageuka kurudi mashambani na bomu la tatu alilipuka akiwa nalo. Na watu wa Mbandu waliobaki hewani wakaanguka vilevile, na vitwitwi, na yangeyange, na shakwe, kila kilichotajwa asubuhi ile kwa sauti mbili, mpaka mbingu ikawa tupu na ufuko ukajaa manyoya na vitambaa. Lile jekundu liliwaka kidogo tu kabla ya kugusa maji. Lilikuwa karibu. Karibu zaidi kuliko Somoe alivyopima.

*

Siwema alisimama muda mrefu ameipa ardhi kisogo, mkono uliovunjika unaning'inia. Mtoto alikuwa amenyamaza kifuani kwake, anatazama moshi.

Kisha akageuka. Akamtazama Chande, ambaye alikuwa amekufa. Angeweza kufikiri ni kifo tu, kwamba mtu aliyejeruhiwa alikufa kwa wakati wake, na Somoe aliona kwamba ndivyo alivyotaka kufikiri. Alikuwa anaomba kuambiwa hivyo.

"Alikushinda?" Siwema akauliza. "Damu ilikuzidi?"

"Hapana," akasema Somoe. "Nilitoa mkono."

Siwema akampiga kofi. Somoe hakukinga. Akampiga tena, na tena, kwa mkono mmoja mzima, usoni, kwenye bega lililopasuka, kichwani, na mtoto akiruka kifuani kwa kila pigo, mpaka akaishiwa pumzi akabaki amemshika Somoe gauni ili asianguke.

Kutoka mashamba ya chumvi sauti za wanawake zilikuwa zinaitana kwa majina. Baadhi yalijibiwa.

"Pengine anaelea," Siwema akasema hatimaye. "Alikuwa karibu. Pengine anaelea."

"Pengine."

"Simama, basi. Maji yanajaa."

Somoe akafumba macho ya Chande, akasimama. Bega lilikuwa halisikii maumivu tena. Akatangulia kuelekea majini, akipapasa kwa nyayo, kwa kuwa kati ya wawili wale ni yeye aliyejua matope yapi yanabeba mtu na yapi yanammeza.